Kovu Chini ya Buluu

Kaka yangu Werema alimtoa Nikolaus kanisani kwa kumburuta kwa kola, na Padre alikuwa hajatoa hata baraka ya mwisho. Mabenchi mawili yalianguka. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo wa kumalizia, ukawafia kooni, akabaki mama mmoja kiziwi wa mstari wa nyuma akiimba peke yake mpaka binti yake akamfinya. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa wanawake, nimeshika kola ya gauni langu kwa mikono yote miwili, naitazama picha ya Bikira Maria ukutani na kutamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana Bikira Maria yule alikuwa na uso wangu. Hilo lingesameheka, uso ni uso, na Padre mwenyewe alikuwa anajua. Lakini chini ya shingo, mahali palipopaswa kuwa na mtandio wa buluu, palikuwa na kovu. Kovu langu. Lilianzia kwenye mfupa wa bega, limekunjamana, likashuka mpaka mahali ambapo msichana aliyelelewa hamwonyeshi mtu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na tano Agosti mwaka 1954, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, hapa kwetu Nyarero. Na mchumba wangu, Machage wa Nyambureti, alikuwa amekaa benchi la pili kutoka mbele.

Ngoja nieleze mwenyewe. Watu wa Nyarero wameieleza hadithi hii kwa namna zao mpaka mimi nimekuwa malaya na Nikolaus amekuwa mchawi, na wengi wanaoieleza siku ile hawakuwapo hata kanisani.

Nikolaus Mokami alikuwa mchoraji wa misheni. Kazi hiyo alifundishwa na Bruda Anselmi, mzee wa Kiholanzi aliyekuwa na meno manne na hasira za watu kumi. Bruda alizaliwa mwaka 1872, na alipofikisha miaka kumi na mitatu baba yake alimpeleka mjini kwa mchoraji mkubwa. Huko, alikuwa akituambia, hakuna aliyepewa brashi kabla ya kuteseka. Miaka miwili alisaga rangi kwenye jiwe na kuwasha jiko, ili watu waliokuja kuchorwa bila nguo wasife kwa baridi. Mwaka wa tatu alichora sikio lililofinyangwa kwa plasta. Sikio tu, mwaka mzima. Kila Jumamosi bwana mkubwa alipita, akatazama, akafuta yote kwa mkono wa koti lake, na aliyenung'unika alichapwa fimbo. Baada ya sikio ikaja mifupa ya mtu iliyotundikwa kwenye msumari, na baada ya mifupa, maiti za hospitali. Mwenzake mmoja alipata homa kwa maiti hizo akafa akiwa na miaka kumi na tisa. Wenzake wakalia, halafu wakamchora naye, kwa kuwa alikuwa pale.

Basi Bruda alimfundisha Nikolaus vilevile. Plasta hatukuwa nayo, akamtafutia fuvu la ng'ombe. Miaka miwili Nikolaus alichora fuvu lile, huku vijana wa rika lake wanalima, wanafuga, wanaoa. Wakamwita Mganga wa Mafuvu. Bruda alimkataza jembe, akamkataza kuchinja, na zaidi ya yote akamkataza kupigana.

"Mkono wa mchoraji ni yai," alisema. "Ukipasuka, hakuna wa kuuunganisha."

Huku kwetu mwanamume asiyepigana haheshimiwi hata na mbuzi. Nikolaus alitukanwa mbele yangu zaidi ya mara moja, akaweka mikono mfukoni akapita zake, nami nikampenda hapohapo kwenye ule ukimya wake. Sijui kwa nini. Moyo wangu ni mkaidi toka utotoni.

Bruda alinichagua kutoka kwenye kwaya. "Huyu," alisema, "ana mifupa mizuri." Nyumbani nikasema nafua nguo za altare, na kweli nilizifua, kisha kila Alhamisi alasiri nikakaa kwenye kigoda mbele ya Nikolaus, na Bruda pembeni kwenye kiti chake na rozari yake, maana alisema kwa bwana wake msichana hakuchorwa bila mtu mzima kuwapo.

"Mbona unashika kola kila mara?" Nikolaus aliniuliza siku moja. "Nachora shingo, unaniletea ngumi."

"Chora uso. Uso hauna kola."

"Bikira ana shingo, Rhobi."

Pale misheni yeye tu ndiye aliyeniita Rhobi. Kwa wengine wote nilikuwa Philomena.

"Anayo," nikamjibu, "lakini si hii yangu."

Bruda akafumbua jicho moja. "Kuna nini hapo?"

"Kovu, Bruda. Uji wa moto ulinimwagikia nikiwa mdogo. Ni baya."

"Mimi nimechora watu waliokufa siku tatu," akasema Bruda. "Baya ni neno la mtu ambaye hajatazama." Akafumba jicho lake.

Nikolaus aliweka chini kipande chake cha mkaa. "Usinionyeshe kama hutaki," akaniambia kwa sauti ndogo. "Nitamfunika mtandio mpaka kidevuni. Hakuna atakayejua."

Angeniomba, ningekataa, tena ningemtukana. Lakini hakuniomba. Nikafungua vifungo. Viwili. Viwili tu, na mzee wa miaka themanini na moja amekaa pale anahesabu rozari. Nikolaus akatazama. Hakunihurumia, hakugeuza uso, hakutabasamu. Alitazama polepole, kama anavyotazama kila kitu, halafu mkaa ukamvunjikia mkononi.

"Samahani, Bruda," akasema.

"Chukua mwingine," Bruda akajibu bila kufumbua macho.

Mimi niliyeficha shingo yangu miaka kumi na tano, siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa mzuri. Naomba wasichana wanielewe. Sikuguswa hata unywele, lakini nilijua kwamba sitamtaka mwanamume mwingine maisha yangu yote.

Sasa, shule ile ya Bruda ilikuwa na kanuni yake: mwili kwanza, nguo baadaye. Nguo haikai hewani, inakaa juu ya mtu. Usiongeze, usipunguze. Nikolaus akanichora na kovu langu kwa rangi za mafuta, akangoja zikauke, ndipo aweke mtandio juu yake. Kabla hajauweka, Bruda akafa, katikati ya Kwaresima. Rangi za Ulaya zikaisha pamoja naye, na mafuta yake yakaisha. Nikolaus alichukua buluu ya kufulia, ile tunayotia kwenye mashuka meupe, akaichanganya na utomvu wa mgunga, akachora mtandio mzuri ajabu. Alijua utomvu hauwezi maji. Alitaka kuja kuurudia akipata mafuta kutoka Musoma. Hakumwambia mtu, na hapo kosa ni lake, simtetei.

Tangu mwanzo wa mwaka ule, nyumbani kwetu mambo yalikuwa mengine. Mjomba wake Nikolaus alikuwa amekuja kuniposa, akamkuta baba yangu, Mzee Mwikwabe, anachonga mpini.

"Kijana wenu anafuga nini?" baba akauliza.

"Anachora, mzee mwenzangu."

"Nimeuliza anafuga nini."

Mjomba aliutazama ule mpini. Akanywa togwa yake, akaaga. Mwezi wa pili wakaja ng'ombe wa Machage. Machage alikuwa mtu wa makamo, amefiwa na mke, Mkristo, mtu wa taratibu. Hakuwa na kosa lolote isipokuwa hakuwa Nikolaus. Na kwetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Hawakulala kwetu hata siku mbili, wakapelekwa kwa baba yake Agustina, na Agustina akaja kwetu kuwa mke wa Werema. Walipendana wale wawili mpaka inakera. Sasa Agustina alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimi nilikuwa najua vizuri sana: nikimkataa Machage, ng'ombe wanarudi Nyambureti, na Agustina anarudi kwa baba yake na tumbo lake.

"Basi niache," Nikolaus aliniambia mwezi wa saba, mara ya mwisho tulipoonana. "Ningekuwa na dada, na mimi ningefikiri kama Werema."

"Huna la kusema zaidi ya hilo?"

"Ninalo. Nikilisema hutaondoka."

Niliondoka nikilia kwa hasira, maana alikuwa sahihi.

Jumamosi ya kuamkia sikukuu, akina mama walisafisha kanisa. Picha ilikuwa imeshatundikwa, imefunikwa shuka, na Padre alikuwa amekataza mtu kuichungulia. Agustina, niliyekuwa nimemnong'oneza siri ya uso ule, kwa moyo wake mwema hakutaka picha ya wifi yake ikae na vumbi. Akapitisha kitambaa chenye maji chini ya shuka, akafuta bila kutazama, kwa kutii amri. Kitambaa kilitoka na buluu. Hakushangaa. Alikuwa ametoka kutia buluu vitambaa vya altare, akadhani ni ileile.

Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Komunyo Padre akavuta shuka, watu wakasema "Aaa!" kwa furaha, kisha ile "Aaa" ikabadilika taratibu, na Werema akaruka benchi.

Nilipofika nje, Nikolaus alikuwa chini kwenye vumbi. Werema alimpiga teke la mbavu, la pili, la tatu. Nikolaus hakurudisha. Alikuwa amejikunja, mikono ameificha makwapani, damu inamtoka mdomoni.

"Simama upigane!" Werema alifoka. "Simama, we mwanamke!"

"Sipigani na wewe, Werema."

"Umemvua dada yangu nguo mbele ya watu! Mbele ya wakwe!"

"Mtandio umefutika. Niliuweka. Sijui umefutikaje."

"Nimekuuliza habari ya mtandio?"

Akamkalia mgongoni, akauvuta mkono wa kulia kutoka kwapani kwa nguvu zake zote. Nikolaus alipiga kelele sasa, kelele ambazo hakuzipiga kwa mateke. Wanaume wa kwetu huacha marungu yao ukutani kabla ya kuingia kanisani. Werema alinyoosha mkono akachukua lake. Akaulaza mkono wa Nikolaus juu ya jiwe la ngazi, akaukanyaga kwenye kifundo.

Akainama, akamsemesha kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu nikasikia. "Mura, kijana wee, nakupa nafasi. Sema umelitunga. Sema kovu limetoka kichwani mwako, ulitaka kupamba tu. Sema, nikuache na vidole vyako."

Kaka yangu alikuwa anamsihi. Nilijua kwa nini. Chungu kile cha uji, miaka ile, ni yeye aliyekipiga kumbo akikimbizana na ndama. Alikuwa na miaka saba, mimi minne. Tangu hapo hajawahi kunitazama shingoni.

"Sikulitunga," akasema Nikolaus.

"Pumbavu wee! Sema!"

"Sikuongeza kitu, Werema. Siwezi kusema niliongeza."

Ningeweza kumpiga mimi mwenyewe kwa rungu lile. Mtu anakufa kwa ajili ya kanuni ya kuchora sikio!

Ndipo watu wakapisha, Machage akaja na ndugu zake wawili. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Hakupiga kelele. Alikwenda mpaka mbele ya baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe."

"Nina swali moja, na jibu lako nitalipokea kama lilivyo. Binti yako ana kovu lile?"

Baba yangu hakuwahi kusema uongo katika maisha yake, na alikuwa anajivunia hilo kupita kiasi. Alimtazama Machage, akamtazama Agustina aliyesimama mlangoni na mkono tumboni, akatazama chini. Akanyamaza. Kila aliyekuwapo akapata jibu lake.

Machage akanigeukia. "Binti, njoo hapa."

Nikaenda.

"Mimi si kijana," akasema. "Nimezika mke, najua dunia. Kuna wanaume wanaojificha kwenye matete mtoni kuwachungulia wasichana wakioga. Kama huyu alikuchungulia, wewe huna kosa. Atavunjwa mkono, ataondoka wilaya hii, picha itachomwa, na mimi nitakuoa kama tulivyopatana. Sitakuuliza tena mpaka nife." Akaigeuza kofia mkononi. "Alikuchungulia?"

Nilimwona Agustina. Alikuwa hatikisiki, midomo inamchezacheza bila sauti, kama anayesali rozari. Nilijua anasema nini. Sema ndiyo, wifi. Sema ndiyo.

Na lilikuwa neno jepesi. Ndiyo, basi. Werema angebaki na mke wake, mtoto angezaliwa kwa baba yake, baba yangu angetembea na kichwa chake juu, na mimi ningekula na kuvaa vizuri Nyambureti kwa mtu mwema.

"Rhobi." Ilikuwa sauti ya Nikolaus, kutoka chini. Meno yake yalikuwa mekundu. "Sema ndiyo. Nilikuchungulia. Nilijificha kwenye matete. Jamani, nakiri, nilimchungulia!"

Hapo ndipo nilipovunjika. Yule ambaye hakukubali kusema uongo mmoja kuokoa mkono wake mwenyewe, alikuwa anausema kwa sauti kubwa, mbele ya kanisa zima, ili aniokoe mimi. Mwanamke apendwe vipi zaidi ya hapo?

Nikaachia kola. Nikafungua kifungo cha kwanza, nikafungua cha pili. Mama yangu akapiga yowe.

"Hakunichungulia," nikasema. "Hii hapa. Nilimfungulia mwenyewe, hivi hivi, mbele ya Bruda Anselmi, na Bruda amekufa na shahidi mwingine sina. Hakunigusa. Anasema uongo kwa sababu ananipenda." Nilipaswa kuishia hapo. Lakini hasira zangu zinapenda kwenda mpaka mwisho wa njia. "Na hata Bruda asingekuwapo, ningemfungulia vilevile."

Machage alinitazama. Si kovu, alitazama macho yangu. Kisha akavaa kofia yake.

"Ungesema ndiyo ningekuoa," akasema, "na ningekutunza vizuri."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Akamgeukia baba yangu. "Mzee Mwikwabe, kesho asubuhi nitawafuata ng'ombe wangu waliko."

Agustina alitoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Werema aliisikia. Nilimwona kaka yangu akiacha kuwa mtu. Macho yalikuwa yake lakini hakukuwa na mtu ndani. Rungu likapanda juu. Nikolaus akafumba macho, vidole vyake vimetandazwa juu ya jiwe, virefu, vina alama za mkaa.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingethubutu. Niliruka, nikautupa mkono wangu juu ya mkono wake, na rungu likashuka.

Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Mlio mdogo, mkavu. Kisha maumivu yakaja, nikasikia mtu anapiga mayowe, na ilikuwa mimi. Werema alitazama rungu, akatazama mkono wangu, akatazama shingo yangu iliyo wazi mbele yake, mara ya kwanza kwa miaka kumi na tano. Akaliangusha rungu. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, mwanamume mzima, akaanza kulia kama tulivyolia tukiwa watoto, kwa sauti.

"Rhobi," akasema. "Rhobi, tena. Nimekuumiza tena."

Watu walianza kutawanyika. Aibu ikizidi, hata wambea huona haya. Baba yangu alipita karibu yangu bila kugeuza shingo, akashika njia ya nyumbani, na mama nyuma yake, akigeuka kila hatua tano. Machage na ndugu zake walikwisha panda baiskeli zao.

Aliyekuja kunifunga mkono ni Agustina. Nilitegemea mtu yeyote isipokuwa yeye. Alipasua pindo la kanga yake, akatafuta vijiti viwili vilivyonyooka, akapiga magoti mbele yangu na tumbo lake. Vidole vitatu vilikuwa vimevunjika. Nikolaus alikuwa ameniegemeza kifuani kwake, ananishika bega, wala hakukuwa na mtu wa kutukataza sasa.

"Padre ameniuliza nani alifuta picha," akasema Agustina. Hakuniangalia. "Ni mimi. Nilifuta chini ya shuka."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini wewe ulijua unachofanya."

"Nisamehe, wifi."

"Ungesema ndiyo," akasema. "Neno moja tu."

"Wangemvunja mkono."

"Ndiyo. Wangemvunja mkono." Akakaza fundo mpaka nikaona nyota. "Mkono unapona, Rhobi. Mimi nikienda kwa baba yangu na mtoto huyu, huko hakuna kupona. Baba amekwisha kusema, ng'ombe wakitoka, mimi nalala zizini walipotoka."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na ningerudishwa pale mbele ya Machage ningesema yaleyale niliyosema. Machozi yalinitoka, naye akayaona, hakuyafuta wala hakuyacheka. Aliendelea kufunga.

Werema alisimama. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akaokota rungu lake, akatujia. Nikolaus akajaribu kunisogeza nyuma yake.

"Tulia," akasema Werema. "Nimechoka kukupiga." Akamtazama kutoka juu. "Mura, una ng'ombe?"

"Sina."

"Mjomba wako?"

"Naye hana."

"Una nini basi, mtu wewe? Umemchukua dada yangu na mke wangu kwa misa moja. Una nini?"

Nikolaus alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata damu ikimtoka. "Nina mkono huu," akasema.

"Haya. Kesho Machage anachukua ng'ombe wake. Keshokutwa baba yake Agustina atakuja kumchukua binti yake. Ana watoto wa kiume watano, na hawaji kwa mazungumzo. Mimi simtoi mke wangu. Wawili nawaweza. Labda watatu, Mungu akiwa upande wangu." Werema akapumua. "Mimi na wewe sasa ni mashemeji, nipende nisipende. Utasimama nami langoni?"

Agustina akaacha kufunga. Akainua kichwa, si kwa mumewe, si kwa Nikolaus. Alinitazama mimi.

Nilitaka kupiga kelele. Mkono ule nilikuwa nimetoka kuulipia kwa vidole vyangu vitatu, damu yake haijakauka! Miaka yote ya fuvu na mkaa ilikuwa ndani yake, na mzee mmoja alikuwa ameulinda mpaka siku ya kufa kwake. Nilijua ndugu wa Agustina wanavyopiga. Neno langu moja lingemzuia Nikolaus, nilikuwa na hakika ya hilo, na Agustina naye alikuwa na hakika, ndiyo maana alinitazama.

Safari hii nilinyamaza.

Nikolaus aliyaona macho ya Agustina, akauona mkono wangu ulioanza kuvimba ndani ya kanga. Akanibusu utosini, mbele ya kaka yangu, bila kuona aibu. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, akalipokea rungu.